Kudunda kwa Tairi la Mbele: Mwongozo Kamili kwa Waliokwama

Malalamiko ninayopokea hayabadiliki. "Kaka, tairi la nyuma nalinyanyua vizuri tu, ila nikitaka kudunda linashuka." Mwingine: "Nikilipandisha zaidi, napitiliza juu ya usukani." Wote wawili wana tatizo moja, na si upungufu wa nguvu mikononi. Wanataka kuruka kabla hawajaweza kusimama. Nusu ya hatua za mwongozo huu ni za kukufikisha kwenye kusimama. Ukiona uvivu wa kuzipitia, bado utaishia kunitumia ujumbe uleule.

Tunazungumzia mbinu ya baiskeli ya trayali, mchezo wa kupita juu ya mawe, magogo na kuta bila kuweka mguu chini. Breki ya mbele imebana, tairi la nyuma liko hewani, uzito wako wote uko juu ya tairi moja, nawe unaruka papo hapo au kusogea pembeni. Nachukulia kwamba tayari unaweza kusimama juu ya pedeli, baiskeli ikiwa imetulia, bila kugusa chini. Kama hilo bado, anza nalo. Linafanyika popote, hata uani.

## Vifaa

Baiskeli. Baiskeli halisi ya trayali haina kiti, fremu yake ni ya chini na nyepesi, na matairi yake ni ya inchi 20 au 26. Wengi wetu Dodoma tuna baiskeli ya gia ya mtumba ya inchi 26, au BMX. Zote mbili zinafaa kujifunzia. Isiyofaa ni ile kubwa ya mizigo yenye breki za vyuma: ni nzito, na breki yake haibani kiasi cha kuzuia tairi lisizunguke kabisa.

Uma wa mbele. Uma mgumu usio na shokapu ndio bora. Shokapu humeza nguvu unayotaka ikurushe juu, halafu hukurudishia wakati usioutaka. Kama yako ina shokapu yenye kufuli, ifunge. Kama haina kufuli, fundi anaweza kuikaza, lakini usitegemee miujiza.

Breki ya mbele. Hapa ndipo wengi wanapofelia kabla hata ya kupanda. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa kidole kimoja tu, cha shahada, kisha sukuma usukani mbele. Tairi la nyuma likinyanyuka bila la mbele kuteleza hata kidogo, breki inafaa. La mbele likizunguka hata nusu inchi, haifai. Badilisha raba za breki, kaza waya, na osha rimu kwa maji ya sabuni uikaushe. Vumbi letu hujaa kwenye rimu na kuifanya iteleze. Na mwambie fundi wako aache kupaka mafuta ya alizeti kwenye cheni kwa wingi hadi yachuruzike kwenye rimu. Najua yanapatikana kila duka kuanzia hapa hadi Singida, lakini tone moja kwenye rimu linatosha kuharibu mazoezi ya siku nzima.

Baiskeli nyingi hapa nchini zina breki ya mbele kwenye mkono wa kulia, ila usiamini mazoea. Fuata waya kwa macho uone unaishia wapi.

Upepo wa tairi. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 60 hadi 75 na tairi pana la inchi 26, tairi la mbele liwe na psi 25 hadi 30. Mafundi pancha wengi wana geji, hivyo omba wakupimie. Upepo ukizidi, tairi linadunda ovyo na kuteleza. Ukipungua sana, tairi linalala upande unapotua, na rimu inabana tyubu dhidi ya jiwe na kuitoboa mara mbili kwa pigo moja.

Kiti. Kishushe hadi mwisho. Usikitoe na kuacha bomba wazi, maana ukianguka juu ya bomba hilo utajuta.

Pedeli na viatu. Pedeli bapa zenye meno, na viatu vya soli laini ya raba. Kandambili na yeboyebo ziache nyumbani.

Kinga. Helmeti ni lazima. Ya pikipiki ni nzito na ina joto, lakini ni bora kuliko kichwa kitupu. Helmeti ya mtumba yenye ufa au iliyobonyea usiinunue. Ongeza glovu, kinga za magoti, na zile kinga za muundi wanazovaa wachezaji wa mpira wa miguu. Pedeli yenye meno ikikuzungukia muundini, utaelewa kwa nini nimezitaja.

Ukaguzi wa mwisho. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo kwenye shingo, gololi za shingo zimelegea, zikaze. Kaza boliti za usukani kwa spana ya alenki na nati za tairi la mbele. Kisha chunguza uma pale unapoungana na shingo. Futa vumbi, angalia kwa mwanga wa jua. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni dalili ya ufa. Baiskeli hiyo usifanyie zoezi hili.

## Mahali na wakati

Tafuta udongo ulioshikamana, tambarare, wenye majani mafupi ukibahatika. Pembezoni mwa viwanja vya mpira huko Nkuhungu, Nzuguni au Miyuji huwa panafaa, ila omba ruhusa kwanza. Mchanga wa korongo unavutia kwa kuwa laini, lakini unameza tairi na hutaweza kudunda. Changarawe ni mbaya zaidi, kwa sababu tairi lililobana juu ya kokoto huteleza kama halina breki. Lami iache kwa sasa.

Fagia eneo lako. Nasema fagia, kwa ufagio, kwa sababu ya mbigili. Miba yake midogo inapenya tairi lolote, na ukiwa na uzito wako wote juu ya tairi moja unaizamisha mwenyewe.

Nenda asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma ukianza mchana hauna adabu, na baiskeli iliyosimama kwa tairi moja inasukumwa hata na upepo wa kawaida. Watu watasimama kukutazama, na wapo watakaouliza umetoka lini Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Wazoee.

## Hatua ya 1: Jifunze kushuka kabla ya kupanda

Mwili unaoogopa kupinduka hujirudisha nyuma wenyewe, na hapo ndipo tairi la nyuma linapodondoka. Hofu hii haiondoki kwa kuambiwa "jikaze". Inaondoka mwili ukishajua njia ya kutokea.

Tembeza baiskeli kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukiwa umesimama juu ya pedeli. Bana breki ya mbele kiasi, tairi la nyuma linyanyuke kidogo. Papo hapo toa miguu yote miwili kwenye pedeli, irushe mbele, mguu mmoja kila upande wa usukani, utue kwa nyayo ukiwa bado umeshika usukani. Baiskeli ibaki nyuma yako.

Rudia mpaka uweze kutua ukiwa umesimama bila kufikiri. Kisha rudia ukiwa umelinyanyua zaidi.

Onyo: ukianguka, usinyooshe mikono kuzuia ardhi. Kifundo cha mkono ndicho huvunjika. Kunja viwiko na ujibiringishe.

Umefaulu ukiona: unaweza kuruka mbele ya usukani ukatua kwa miguu kila mara, na moyo haukudundi tena unapobana breki.

## Hatua ya 2: Nyanyua kwa kiuno, simamisha kwa kiuno

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Ukiielewa, zilizobaki ni marekebisho tu.

Njoo polepole, pedeli zikiwa usawa mmoja na ardhi, mguu wenye nguvu mbele. Kidole kimoja kwenye breki, vinne vimeshika usukani. Macho yatazame ardhi mita mbili au tatu mbele, si tairi.

Sasa fanya mambo mawili kwa mpigo. Bana breki kwa kuongeza nguvu taratibu, usiikamate ghafla. Wakati huohuo elekeza vidole vya miguu chini na usukume pedeli kwa nyuma na juu, kama mtu anayekwangua matope kwenye kiatu. Kiuno kinakwenda mbele kidogo. Tairi la nyuma litapanda.

Kinachofuata ndicho wengi hawaambiwi. Mara tairi linapofika juu, kiuno lazima kirudi nyuma. Kulinyanyua kunahitaji uzito mbele. Kulisimamisha hapo juu kunahitaji uzito ukae sawasawa juu ya sehemu tairi la mbele linapogusa ardhi. Ukiacha kiuno mbele, mwendo uleule uliokunyanyua unakupitisha juu ya usukani. Ukikirudisha mapema mno, tairi linashuka kabla halijafika. Kwa hiyo kiuno husafiri mara mbili: mbele kunyanyua, nyuma kutuliza.

Mikono ikifika hapo inakaribia kunyooka, viwiko vikibaki vimelegea kidogo. Magoti yamekunjwa. Makalio yako nyuma, karibu juu ya kiti. Mwenzako akikupiga picha kutoka pembeni, aone mgongo wako umeinama kuelekea mbele na makalio yakiwa nyuma kabisa ya usukani. Picha hiyo ikionyesha tumbo lako juu ya usukani, umepata jibu la kwa nini unapinduka.

Umefaulu ukiona: tairi la nyuma linapanda hadi usawa wa goti au zaidi, linasita hapo kwa kitambo, kisha linashuka taratibu kwa ridhaa yako.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali pa kusimama

Huko juu kuna sehemu moja nyembamba ambapo baiskeli haitaki kwenda mbele wala kurudi. Kuitafuta peke yako kunachosha. Mwite mtu.

Simama juu ya pedeli, breki ya mbele imebana kabisa. Mwenzako asimame nyuma yako kidogo upande, ashike kiti kwa mikono miwili, anyanyue polepole. Wewe usifanye lolote zaidi ya kurudisha kiuno nyuma kadiri anavyopandisha. Itafika mahali mikono yake itaona uzito umepotea. Hapo aseme "hapo", abaki ameshika bila kusukuma. Sikiliza mwili wako: nyayo zinabana wapi, viganja vinabeba kiasi gani. Utashangaa ni juu kuliko ulivyodhani. Karibu kila anayelalamika kwamba tairi linashuka, sababu ni kwamba hajawahi kufika pale, anaishia nusu ya njia.

Mkishaipata, aanze kuachia kwa sekunde moja, kisha mbili.

Kubalansi huku breki ikiwa imebana kuna kanuni zake. Ukihisi unakwenda mbele, legeza breki kwa unywele tu, tairi lisogee mbele na kurudi chini yako, kisha bana tena. Ukihisi unarudi nyuma, peleka kiuno mbele kidogo. Ukiyumba kushoto au kulia, geuza usukani kidogo upande unaoangukia na usukume goti upande wa pili.

Onyo kwa anayeshika: usisimame nyuma moja kwa moja. Aliye juu ya baiskeli akiachia breki ghafla, tairi linashuka na fremu yote juu ya mguu wako.

Umefaulu ukiona: unasimama bila msaada kiasi cha kusema jina lako na la baba yako kwa sauti. Kama huwezi kuongea, umebana pumzi, na mwili uliobana pumzi haudundi.

## Hatua ya 4: Mdundo mmoja

Mmoja tu. Usijaribu kuunganisha miwili leo.

Panda hadi mahali pa kusimama. Bana breki kikamilifu, na kuanzia hapa hadi utue usiilegeze hata kidogo. Zama kidogo: viwiko na magoti yakunjike pamoja, tairi lilale kwa uzito wako. Halafu jinyanyue kwa kunyoosha miguu na kiwiliwili, na uzito wako unapopanda, vuta usukani kuelekea kiunoni na ukunje magoti baiskeli ikufuate. Tairi lenyewe litakusaidia, kwa sababu limebonyea na linataka kurudi.

Utaacha ardhi kwa upana wa kidole. Inatosha. Tua viwiko vikiwa vimelegea.

Makosa mawili ndiyo yanayojirudia hapa. La kwanza ni kuvuta kwa mikono bila mwili kutangulia kupanda. Ukivuta usukani ukiwa bado mzito, baiskeli haitoki, na unajivuta mwenyewe mbele. Nguvu inatoka miguuni na kiunoni, mikono inakusanya tu. La pili ni kidole kulegea hewani. Ukitua tairi likiwa huru, linazunguka mbele, na tairi la nyuma linadondoka kwa kishindo. Kama unalegeza bila kujua, mwambie mwenzako atazame kidole chako tu, asitazame kingine.

Umefaulu ukiona: alama ya tairi kwenye vumbi inajirudia pembeni ya ile ya kwanza, na tairi la nyuma bado liko hewani baada ya kutua, hata kama ni kwa kitambo.

## Hatua ya 5: Kuunganisha midundo

Sasa kanuni za balansi zinabadilika. Breki inabaki imebana na hailegezwi tena, kila mdundo ndio marekebisho. Ukihisi unakwenda mbele, mdundo unaofuata weka tairi mbele kidogo, chini ya uzito wako. Ukihisi unarudi nyuma, livute tairi lirudi nyuma. Ukiangukia kulia, litue kulia.

Anayesubiri mpaka aanguke ndipo arekebishe amechelewa. Ndiyo maana kudunda haraka na chini ni rahisi kuliko kudunda juu na polepole: unapata nafasi nyingi za kusahihisha. Vijana wanapenda kuruka juu kwa sababu ya video. Kwa sasa achana na video.

Anza na miwili, kisha ushuke kwa hiari. Miwili ikitulia, nenda mitatu. Kushuka kwa hiari nako ni sehemu ya zoezi: rudisha kiuno nyuma, legeza breki taratibu, tairi la nyuma liguse ardhi bila kelele. Ukizoea kumalizia kwa kuanguka, mwili utajifunza kuanguka.

Viganja na misuli ya chini ya mkono itachoka upesi. Ikianza kutetemeka, funga siku. Kidole kilichochoka hakibani breki, na breki isiyobana inarudisha kila kosa ulilokwisha kuliondoa.

Umefaulu ukiona: midundo mitano ndani ya duara la ukubwa wa sinia lililochorwa kwenye vumbi, kisha unashuka kimya.

## Hatua ya 6: Kwenda pembeni, kisha kwenye jiwe

Kusogea pembeni, tazama unakotaka kwenda, zama, na unapopanda sukuma usukani upande huo huku makalio yakifuata. Tairi la nyuma litabaki nyuma kidogo, na mdundo unaofuata utalileta. Chora mistari miwili ya umbali wa shubiri moja, vuka mmoja baada ya mwingine.

Mawe tunayo, na ni mazuri. Graniti ya Dodoma ina ngozi ya mkwaruzo inayoshika tairi kuliko zege. Lakini ina tabia ya kubanduka magamba: tabaka la juu lenye unene wa kidole linaachana na jiwe kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Kabla ya kulipanda, ligonge kwa kisigino au jiwe dogo. Sauti ya uwazi, kama mlango wa mbao, maana yake kuna gamba. Tafuta jingine. Anza na jiwe lisilozidi kimo cha kifundo cha mguu, lenye juu bapa, na lisilo na mteremko kwa mbele.

Wakati wa masika kuna ukungu wa kijani kwenye mawe ya kivulini. Hapo hakuna breki itakayokusaidia.

Usiende kwenye mawe yaliyo karibu na uzio wa ofisi au makazi ya serikali. Ongea na mwenyekiti wa mtaa kama huna hakika. Na huko Kondoa, kwenye miamba yenye michoro ya kale iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, baiskeli isiguse kabisa.

Kama umegonga kichwa, hata ukijisikia mzima, mazoezi yameisha siku hiyo. Ukipata kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida au kuona maluweluwe, mtu akupeleke hospitali, usijiendeshe.

## Kila baada ya mazoezi

Gusa spoki za tairi la mbele moja moja kwa kucha. Zilizokaza hutoa sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti nzito imelegea, mpe fundi aikaze na anyooshe rimu. Zungusha tairi uone kama halichezi kushoto na kulia. Angalia tena pale uma unapoungana na shingo.

Ukiona ufa hapo, fundi wa kuchomelea atakuambia ni kazi ya dakika kumi. Mshukuru, halafu nenda ukanunue uma mwingine.